Hospitali Si Boma ya Mtu

Malori ya Malaba hayaishi. Ukiamka yako hapo, ukienda kulala yako hapo. Trela nyuma ya trela, madereva wanangoja karatasi zao zipigwe muhuri ndio wavuke Uganda. Wengine wanalala chini ya lori, wengine wanafua nguo, wengine wanagombana na simu. Na wote wanakula. Hapo ndipo Amuge anapata yake.

Kila asubuhi alikuwa anapita kando ya yale magurudumu makubwa, beseni ya mihogo ya kuchemsha kichwani, chupa ya chai mkononi, tumbo mbele. Madereva walimzoea. Walimwita Mama Mihogo.

"Mama Mihogo," dereva mmoja akamwita, mguu nje ya dirisha. "Huo mzigo umebeba hapo mbele umelipia ushuru?"

"Huu ni transiti," Amuge akamjibu. "Unapita tu."

Wakacheka. Yeye pia akacheka, akamkatia muhogo, akaupaka chumvi na pilipili. Lakini kufika lori ya mbele, kicheko kilikuwa kimekauka. Unapita tu. Hilo neno hakufaa kulisema. Kwa sababu mtoto wake wa kwanza alipita kweli.

Yule wa kwanza alizaliwa hospitali, si kwamba alizaliwa kwa shamba. Ilikuwa hospitali moja ndogo, akina mama wengi, sista mmoja. Wengine walipiga kelele na sista akakimbilia hizo kelele. Amuge alilala pembeni akiuma leso. Hakusema kitu. Kwao Moding alifunzwa na mamake kwamba mwanamke wa boma yao halii akizaa. Anayelia anaaibisha watu. Kwa hivyo aliuma leso, na sista akapita, akamwangalia, akasema huyu bado, ametulia. Akaenda. Mtoto akatoka na hakuna mtu alikuwa hapo wa kumpokea. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingo. Sista aliporudi akaikimbilia, akaikata, akamsugua mtoto, akampulizia. Mtoto hakulia.

Hata jina hakupata. Kwa Wateso mtoto anatiwa kidole chenye pombe ya wimbi mdomoni huku wakitaja majina, na lile jina atanyonya nalo, hilo ndilo lake. Huyo alizikwa kabla mtu atoe hata pombe.

Sasa tumbo lilikuwa kubwa tena. Na Allan, bwanake, hakuwa anakaa nyumbani. Allan ni tanboi, yule msaidizi wa dereva anayelala na lori, anayeweka mawe chini ya magurudumu, anayelinda mzigo. Leo ako Kampala, kesho ako Juba. Si mtu mbaya. Akirudi analeta ndizi na stori. Lakini ukimuuliza mambo ya kuzaa anaangalia viatu vyake.

Kwenye ile ploti ya kupanga wanakoishi kuna jirani anaitwa Roselida. Ni mama Msamia, alizaliwa huko karibu na Nangina. Kazi yake ni ya afya ya jamii. Anazunguka nyumba kwa nyumba na begi mgongoni, anauliza nani ana mimba, kliniki ameenda, mtoto amechanjwa. Mdomo wake hauna breki. Watu wengine wakimwona anakuja wanajifanya hawako.

Siku moja Amuge alikuwa anafua, Roselida akaja na ndoo yake akakaa karibu. Hakusalimia vizuri hata.

"Kliniki umeenda?"

"Nimeenda, mama."

"Damu wamepima? Dawa za damu unameza ama unawekea panya?"

"Nameza."

"Na siku ikifika, nani ataingia na wewe?"

Amuge akakamua suruali ya Allan. Akaikamua tena, na haikuwa na maji tena ya kutoka.

"Nimekuuliza, mama."

"Hakuna mtu," Amuge akasema.

Roselida akasukuma ndoo yake kando. Halafu akamwambia alete stuli. Wakakaa hapo hapo kwa kamba ya nguo, na Roselida akaanza kumwambia vitu ambavyo ule mzunguko wa kwanza hakuna mtu alimwambia.

Alimwambia kwanza kabisa kwamba asidanganyike. Huko leba hakuna sindano ya kuua uchungu. Sindano ya mgongo ni ya wale wanapasuliwa. "Utazaa na uchungu wako wote," akasema. "Kwa hivyo jifunze kuishi nao. Ukienda ukitegemea sindano, utachoka kabla ya kazi kuanza."

Amuge akauliza basi mtu anafanya nini.

"Umewahi kupuliza uji moto?"

"Si kila siku."

"Basi. Uchungu ukikuja, vuta hewa na pua, toa polepole na mdomo kama mtu anapuliza uji. Usishike pumzi. Usikaze mabega. Usikaze taya. Ukikaza huko juu, na huko chini kunakaza. Ukitaka kunguruma, nguruma kama ng'ombe, chini, tumboni. Hiyo inasaidia. Ule mlio wa juu ndio unakumaliza nguvu."

Akaendelea. Asilale tu chali kama mgonjwa. Atembee, asimame ashike ukuta, apige magoti na aegemee kitanda, alale upande akichoka. Anywe maji na chai ya sukari kidogo kidogo, kama sista hajamkataza. Aende kukojoa mara kwa mara, kwa sababu kibofu ikijaa mtoto anakosa njia. Na hata kama mwili unataka kusukuma, asisukume mpaka sista amwangalie na amwambie njia imefunguka. Ukisukuma mapema unavimba na mtoto anachoka.

"Na ule udongo uko kwa dirisha yako ni wa nini?" Roselida akauliza.

Macho yake yalikuwa yameona mumbwa. Ni udongo uliochanganywa na miti shamba, unauzwa ng'ambo upande wa Uganda, wanawake wanauyeyusha kwa maji na kunywa wakiwa na mimba. Shangazi yake ndiye alimnunulia. Alikuwa amepanga kunywa mwingi uchungu ukianza, ili kila kitu kiende haraka, kwa sababu ukiwa peke yako unataka tu kiishe.

"Na mimba ya kwanza ulikunywa?"

"Nilikunywa."

Roselida hakumgombeza. Alimwambia tu polepole kwamba hakuna mtu anajua kipimo cha dawa iko ndani ya huo udongo. Kuna miti inakamua tumbo kwa nguvu sana kabla njia ifunguke, mtoto anakosa hewa, hata mfuko wa uzazi unaweza kupasuka. Amuge akaenda kwa dirisha, akauchukua, akautupa kwa shimo la choo. Akarudi akakaa kwa stuli.

"Ni huo ulimuua?"

"Sijui, mama. Mimi sikuwa hapo. Hakuna mtu alikuwa hapo. Hiyo ndiyo shida yenyewe." Roselida akaegemea mbele. "Sasa sikia hii moja, hata ukisahau zingine zote. Sista ni binadamu, na wako wachache. Anaenda kwenye kelele. Ukikaa kimya anadhani uko sawa. Wewe ongea. Mwambie uchungu umebadilika. Mwambie unasikia kusukuma. Mwambie niangalie. Hiyo si kulia, hiyo ni kuongea. Na ukishindwa kuongea, awe kuna mtu kando yako wa kukuongelea."

Hapo ndipo walirudi palepale. Mtu kando.

Roselida alisema yeye atampeleka mpaka ndani, lakini kukaa hawezi. Mzee wake, Oundo, tangu presha imwangushe upande mmoja hausongi. Nani atamgeuza kitandani? Amuge alijua. Kila mtu kwa ploti alijua, walimsikia mzee akimwita Roselida kupitia ukuta.

"Mamako?" Roselida akauliza.

Amuge akacheka kicheko kibaya. Mamake hawezi kukanyaga kwa Allan. Ng'ombe za mahari hazijaenda Moding. Na hata zingeenda, mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai chini ya paa moja, hawapishani kwa mlango, hata wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mwenzake apite. Ndivyo ilivyo. Miaka yote ameolewa, mamake hajawahi kuona kitanda anacholala.

"Mpigie simu," Roselida akasema.

Mama Among, mamake Amuge, alishika simu akiwa shambani. Alisikiliza yote. Halafu akasema kile kile Amuge alijua atasema, kwamba anamwombea, lakini kwa Allan haingii, watu watasema nini. Roselida akanyakua simu.

"Yoga, mama, nakusalimia. Mimi ni jirani. Nani amekuambia uingie kwa Allan? Hospitali si boma ya mtu. Ile paa ni ya serikali. Unatoka Moding unaingia hospitali, unarudi Moding. Kwa mkwe hujapita."

Simu ilikuwa na sauti kubwa. Amuge alisikia hata jogoo wa huko kwao.

"Na yeye akikuja huko?" Mama Among akauliza.

"Nani, Allan? Mwanaume gani wa hapa anakuja leba? Huyo mtamwona mtoto akianza kutembea."

Mama Among akacheka. Roselida akacheka. Amuge pia. Ikawa imeisha hivyo. Na hapo kwa kile kicheko ndipo wote watatu walikosea, kwa sababu hakuna mmoja alifikiria kumwambia Allan. Walimpanga kama mtu hayuko.

Wiki zilizofuata Amuge alijitayarisha. Kliniki aliuliza kama anaweza kuingia na mtu. Sista mmoja kijana, anaitwa Brendah, akamwambia ndiyo, mtu mmoja, awe mama ama dada ama hata bwana, kuna mapazia. Akapanga begi: leso safi, nguo za mtoto, pamba, sabuni, kikombe, kadi ya kliniki juu kabisa. Akaongea na Bwire wa bodaboda awe anashika simu. Akiwa kwa foleni na mtoto akimkaza tumbo kidogo, alikuwa anasimama kwa bampa ya trela na kupuliza uji ambao hauko. Madereva walimuuliza anapulizia nani. Alisema anapulizia foleni yenu isonge.

Roselida alimkumbusha kila akipita mlangoni. Akiona damu, akiumwa kichwa sana na macho yaone ukungu, mtoto akiacha kucheza, ama maji yavunjike, asingoje kitu, twende. "Na wewe ulishapoteza mmoja. Usikae nyumbani ukihesabu uchungu kama wale wengine. Ukianza kuja kwa mpangilio tu, twende."

Ulikuja asubuhi, Amuge akiwa na beseni nusu. Wa kwanza alidhani ni mgongo. Wa pili alishika kioo cha lori. Wa tatu alishusha beseni chini, akamwambia dereva aliye karibu ajigawie mihogo. Akatembea nyumbani akipuliza, akampigia Bwire na mamake.

Kila kitu kilienda kama kilivyopangwa. Bwire alikuja. Roselida alikaa nyuma yake kwa pikipiki amemshika kama gunia la mahindi. Hospitalini walimpima, wakasikiliza moyo wa mtoto, ukapatikana uko sawa. Na kabla Roselida arudi kwa mzee wake, Mama Among akatokea kwa korido na leso mbili na chupa ya uji, miguu ina vumbi ya Moding mpaka kwa goti.

Amuge alikuwa hajamwona mamake tangu alipoenda Moding baada ya kumzika yule mtoto.

Ilikuwa kazi, lakini ilikuwa kazi ya watu wawili. Uchungu ukija, Amuge anaegemea kitanda kwa magoti, na mamake anamfinyilia kiganja chini ya mgongo, kwa nguvu, kama mtu anakanda unga wa wimbi. Ukienda, anampa uji kidogo. Hawakuongea sana. Mara moja tu Amuge akanguruma kama ng'ombe, na mamake akamwekea kidole mdomoni kumnyamazisha, kwa mazoea. Halafu akakiondoa. Sista Brendah akaja, akapima, akasema njia inafunguka vizuri, bado kidogo, mkiona kitu kimebadilika mniite.

Halafu sauti ikasikika huko korido.

"Boss, Amuge wa Malaba ako wapi? Amuge bibi ya Allan?"

Trela ya Allan ilikuwa imerudi kutoka Uganda. Alifika kwa foleni, madereva wakamwambia bibi yako ameacha mihogo chini ameenda kuzaa. Allan aliacha lori. Alikimbia, akapanda pikipiki, akanunua soda na mkate. Kwa maisha yake yote alikuwa hajafanya kitu kama hicho. Alikuja akiwa na furaha.

Mama Among alisikia sauti akajua. Kiganja kikatoka mgongoni. Akajifunika kichwa na leso, akachukua viatu mkononi, akatoka na mlango wa nyuma, kule wanakoanika mashuka. Hata hakusema kwaheri. Mama mkwe hawezi kukutana na mkwe hapo, binti yake akiwa amevuliwa nguo. Hilo halipo.

Allan akasimama mlangoni, hajavuka.

"Niko hapa," akasema, na akatabasamu.

Uchungu ukaja. Mgongo wa Amuge ulikuwa mtupu, hakuna kiganja. Akapuliza. Ulipoisha akamwambia, "Ingia. Nishike hapa nyuma."

Allan akaangalia viatu vyake. Akaangalia wale wanawake wengine nyuma ya mapazia. "Amuge, mimi mwanaume. Nitaonekana aje? Niko tu hapa nje. Usiogope, siendi popote."

Na hakwenda popote. Hapo ndipo ubaya ulikuwa. Alisimama mlangoni na soda yake kama askari wa benki, haingii na hatoki, na kwa sababu amesimama hapo, huko nyuma kwa mashuka mwanamke mwingine alikuwa amechuchumaa hawezi kuingia.

Amuge akarudi kuwa yule wa zamani. Si kwamba aliamua. Mwili wenyewe ulikumbuka. Alilala upande, akavuta leso, akaiuma. Uchungu ukaja akaushikia pumzi. Ukaja mwingine. Mabega yakakaza, taya ikakaza. Upande ule wa pili mama mmoja alikuwa anaita Yesu na malaika wote, na Sista Brendah alikuwa kwake. Akapita kwa Amuge mbio mbio.

"Uko sawa? Umetulia, vizuri sana," akasema, akaenda.

Umetulia.

Amuge alisikia hilo neno likimwingia kama maji baridi. Alilijua. Alikuwa amelisikia kwenye kitanda kingine, siku nyingine, na aliyezaliwa siku hiyo ako chini ya mchanga Chakol, kwao Allan, bila jina. Na sasa kichwa cha huyu kilikuwa kinashuka, alikisikia, kinamsukuma chini kama mlango. Akatema leso.

"Sista," akaita. Sauti ilitoka ndogo. Akavuta hewa. "Sista. Rudi. Mimi sijatulia. Inakuja, nasikia kusukuma, kuja uniangalie sasa."

Wodi nzima ilisikia. Yule mama wa Yesu akanyamaza.

"Na wewe Allan." Allan akashtuka. "Nimekuambia uingie ukakataa. Basi ondoka. Ukisimama hapo mama yangu hawezi kuingia. Ako huko kwa mashuka kwa sababu yako. Enda mbali, toka nje ya geti kabisa. Sikutaki hapo."

Mwanamke mmoja nyuma ya pazia akacheka. Mwingine akasema, heh, huyu amefukuzwa. Uso wa Allan ukawa wa mtu aliyechapwa kofi sokoni. Akaweka soda chini kwa sakafu, na mkate juu yake. Mkate ukaanguka. Akaenda.

Sista Brendah alikuwa amefika. Akaangalia, akasema mara moja, "Imefunguka. Mamake ako wapi, mtu amwite." Na Mama Among alikuwa ameshaingia, leso bado kichwani, kiganja kiko mahali pake.

Wakati huu wakasema sukuma, akasukuma. Wakasema puliza, akapuliza. Kamba ilikuwa shingoni tena, mara moja, imelegea. Lakini kulikuwa na mkono hapo. Sista Brendah aliichomoa juu ya kichwa kama mtu anavua mkufu. Hivyo tu. Kitu kidogo hivyo. Amuge alikiona, na akajua kitu ambacho angetaka asijue, kwamba na yule wa kwanza ilihitaji mkono tu.

Mtoto akalia.

Alikuwa msichana. Alilia mpaka akawa mwekundu. Sista akamlaza kifuani mwa Amuge, ngozi kwa ngozi, akaanza kunyonya. Mama Among alikaa kwa sakafu, akaegemea kitanda, na machozi yakamtoka bila sauti, vile alivyofunzwa yeye.

Alirudi Moding kesho yake mapema, kabla Allan hajaja kuwachukua. Lakini Allan hakuja kuwachukua. Alikuja Bwire na pikipiki yake. Allan alikuwa amevuka na lori.

Stori ilikuwa imetangulia. Foleni ya Malaba haihitaji gazeti. Madereva walimwita Allan mume wa korido. Walimuuliza kama soda ilikuwa baridi. Aliporudi, alimbeba mtoto muda mrefu, akamnusa kichwa, akamrudisha. Kwa Amuge hakusema neno. Mamake Allan akaja kutoka Chakol na pombe ya wimbi, akatia kidole, akataja majina. Mtoto akanyonya jina Amoit lilipotajwa. Watu wakala. Allan akala upande mwingine.

Ilikuwa wiki kadhaa ndio akaongea. Alikuwa anafunga viatu, mgongo kwa Amuge.

"Mngeniambia."

"Ungeingia," Amuge akasema.

"Nilikuja nikikimbia. Umeshaniona nikikimbia?"

"Sijawahi."

"Mlinipangia kama mwizi. Wewe, mamako na yule Msamia. Mngeniambia mama atakuwa hapo, ningekaa huko nje ya geti na soda yangu. Hakuna mtu angenicheka."

Amuge akamsogezea kiatu cha pili. Hiyo ya Allan ilikuwa kweli. Na ya Amuge pia ilikuwa kweli. Hizo kweli mbili ziko ndani ya hiyo nyumba mpaka leo, zinalala kwa kitanda kimoja.

Roselida aliposikia hayo alikuja na ndoo yake akakaa karibu na Amuge. Halafu akasema kosa ni lake, yeye ndiye alicheka kwa simu. Tangu hapo, kwa kila nyumba anayoingia na ile begi, haondoki mpaka bwana aitwe. Anamuuliza mchana, mbele ya mke, kabla ya uchungu: wewe utaingia umshike, ama hautaingia? Ukisema utaingia, nitakufundisha pa kufinya. Ukisema hapana, hakuna mtu atakutukana, lakini kaa nje ya geti, na umwachie mwenye kuingia njia. Wengine wanakasirika. Wengi wanaangalia viatu. Wachache wamekubali kuingia, na wakitoka huko hawaongei sana, lakini vyombo wanaosha.

Na Allan, ambaye kwa nyumba yake anaongea maneno ya kuhesabu, huko kwa foleni amesikika. Kulikuwa na tanboi mwenzake, Willis, bibi yake ana mimba, anajigamba eti siku hiyo atakuwa kwa baa akingoja simu. Allan alimwambia, "Kwanza muulize bibi yako nani ataingia na yeye. Kama ni wewe, ingia. Kama si wewe, usisimame kwa mlango. Mlango si mahali pa mtu." Madereva walingoja wacheke. Hawakucheka.

Ng'ombe bado hazijaenda Moding. Kwa hivyo Mama Among bado haingii kwa Allan. Akishuka Malaba siku ya soko, anasimama ng'ambo ya barabara, upande wa malori, na Amuge anavuka na mtoto anampelekea.

Juzi Amoit alikuwa na njaa, akaanza kulia hapo katikati ya trela. Si kulia kwa mchezo. Madereva walitoa vichwa kwa madirisha. Mama Among akainua kidole akielekea mdomo wa mtoto, vile alivyofanya kwa watoto wake wote.

Amuge akamwangalia tu.

Mama Among akashusha mkono, akaufuta kwa leso. Wakasimama hapo wote wawili kando ya barabara, wakamsikiliza mtoto akilia, na hakuna mtu alimwambia anyamaze.